Viola ikiwa peke yake

Barua za mwezi huu zimejaa maswali ya nyuzi, na tatu kati yake zinahusu chombo kimoja: viola. Nimeziweka pamoja, na kijana wa Malindi nimempa nafasi kubwa kuliko wenzake kwa sababu swali lake nimelingoja miaka mingi. Kwa wanaosoma safu hii mara ya kwanza: mimi ni mpiga fidla wa harusi tangu ujana wangu, mkaaji wa Langoni, Lamu. Viola iliingia nyumbani kwangu mwaka 1998. Aliileta mgeni wa Kijerumani aliyekuwa akija Shela kila kaskazi, na alipoacha kuja akaniachia.

*Mwalimu, assalaam aleikum. Barazani kwetu tumebishana. Mwenzangu asema viola ni fidla iliyochongwa kubwa kwa ajili ya watu wenye mikono mirefu. Mimi nasema ni chombo chengine kabisa. Utuamulie. — Wa baraza la Mkomani, Lamu*

Waaleikum salaam. Wewe ndiwe uliye karibu na kweli, ingawa mwenzako hakukosea yote.

Fidla ina nyuzi nne. Ukitoka kwenye uzi mnene kwenda mwembamba, kwa majina ya sauti zake, ni G, D, A na E. Viola nayo ina nne: C, G, D na A. Tatu ni zile zile. Viola imeuacha ule uzi mwembamba wa juu, unaong'ara juu ya vichwa vya watu harusini, ikachukua mwengine mnene chini. Huo uzi wa C, bwana, ndio roho ya mambo yote nitakayoyaandika leo.

Sasa ukubwa. Mwili wa fidla ni kama sentimita 35 na nusu, na mafundi wa dunia nzima wamekubaliana hivyo. Viola haina kipimo kimoja: utaikuta ya sentimita 38, utaikuta ya 43. Ili ubao wake ubebe zile sauti za chini kama ubao wa fidla unavyobeba zake, mwili ungepaswa kufika sentimita 53 hivi, na chombo hicho hakuna binadamu atakayekiweka begani akakipiga. Kwa hiyo kila fundi hukata na kupunguza kwa kadiri anavyoona, na viola hubaki na mwili mdogo kuliko sauti yake. Ndiyo maana ikilia huwa na kitu kama ukungu. Haitoi sauti yote nje. Nyingine huibakisha kifuani. Wengi wamekiita kilema. Mimi naamini uzuri wake wote unatoka hapo.

Kwa muda mrefu ilidharauliwa, hilo nalo mlijue. Katika okestra iliwekwa katikati kujaza, ikapewa wapigaji ambao fidla imewashinda. Lakini Bach alipenda kuishika yeye mwenyewe anapopiga na wenzake, na Mozart vilevile. Mwaka 1834 Paganini, bingwa wa fidla ambaye Ulaya nzima ilimstaajabia, alipata viola nzuri sana akamwomba mtunzi wa Kifaransa, Berlioz, amtungie muziki wake. Berlioz akaanza, Paganini akatazama karatasi, akaona viola imeandikiwa kunyamaza mara nyingi mno, akaukataa. Muziki huo, Harold en Italie, alikuja kuusikia miaka minne baadaye. Akapiga magoti mbele ya Berlioz, kisha akampelekea faranga 20,000.

*Shikamoo Mwalimu. Mimi nina miaka 22, nipo Malindi, napiga fidla katika kikundi cha taarab. Rafiki yangu alinitumia kwenye simu rekodi ya mwanamke anayepiga viola peke yake. Hakuna kinanda, hakuna ngoma, hakuna mwimbaji. Mwanzo nilidhani wenzake hawajaingia, nikawangoja, hawakuingia. Usiku nikaisikiliza tena na usingizi ukanipotea. Nimewasikilizisha wenzangu, wakasema huo si muziki, ni mazoezi ya mtu chumbani. Nieleze: ni muziki gani huo, kwa nini mtu awaache wenzake apige peke yake, na nianze kusikiliza wapi? — Mpiga fidla, Malindi*

Marahaba, mwanangu. Wenzako waulize swali moja tu: taksimu ni nini?

Sote tumekaa kwenye taarab tukangoja wimbo uanze, na kabla ya wimbo mpiga udi akainamia chombo chake akatangulia peke yake. Marehemu Zein l'Abdin, mzaliwa wa hapa Lamu, akishika udi hivyo, kulikuwa na mtu aliyeinuka kuuliza ngoma ziko wapi? Watu walinyamaza. Hata waliokuwa wakigawa kahawa walisimama na madele yao mkononi. Chombo kimoja kilitosha, kwa sababu kilikuwa kikisema jambo ambalo kikisemewa na kumi hupotea. Basi sikio la kusikiliza viola peke yake wenzako wanalo tayari, wamerithishwa na wazee wao. Wameambiwa tu kwamba muziki wa Ulaya lazima uwe watu themanini waliovaa makoti meusi.

Tofauti ipo, nayo ni hii. Taksimu huzaliwa papo hapo na kufa papo hapo. Muziki wa viola peke yake ninaouzungumzia umeandikwa nota kwa nota, na mtunzi ameshakufa au yuko mbali, na mpigaji lazima aufanye uonekane umezaliwa usiku huu. Nimejaribu yote mawili. La pili ni gumu zaidi.

Ukitaka kujua chombo kimoja kinajitoshelezaje, anza na Bach. Aliandika suiti sita za selo peke yake, yule ndugu mkubwa wa viola anayepigwa kwa kuketi, yapata mwaka 1720. Suiti ni vipande vya mtindo wa ngoma za kuchezwa vinavyofuatana, vikitanguliwa na utangulizi. Selo ina nyuzi zenye majina yale yale ya viola, C, G, D, A, ila ziko chini oktava nzima, yaani nota zile zile kwa sauti nzito zaidi, kwa hiyo wapiga viola wamezipandisha oktava moja wakazifanya zao. Tazama mwanzo wa utangulizi wa suiti ya kwanza. Nota tatu za mwanzo ni G, D na B. Kwenye viola, G ni uzi mtupu, D ni uzi mtupu, na B ni kidole cha kwanza kimewekwa juu ya uzi wa A. Basi. Mkono wa kushoto karibu haufanyi kitu. Kazi yote ni ya uta, unaopita juu ya nyuzi tatu ukipanda na kushuka kama mtu anayecheza na bembea. Katika baa nne za mwanzo, yaani vipimo vinne vya mwanzo vya muziki, ile G ya chini inaguswa mara mbili tu kila baa. Lakini sikio lako litaapa kwamba imelia muda wote! Bach amekuachia wewe msikilizaji uishike ile sauti, na wewe umeishika bila kujua. Kuna watu wawili wanaopiga viola hiyo: mmoja ana uta, mwengine ameketi kwenye kiti anasikiliza.

Hilo ndilo jibu la "kwa nini apige peke yake". Wenzake wakiingia, kazi yako wewe wanakunyang'anya.

Tena kuna jambo la mbao na waya. Kile kidaraja kinachoinua nyuzi kimepinda mgongo, kwa hiyo uta unaweza kukaa juu ya nyuzi mbili kwa wakati mmoja, zaidi ya hapo hauwezi kutulia. Mtunzi akitaka sauti nne pamoja, mpigaji hung'ata zile mbili za chini kwanza kisha akapinduka kwenda za juu, haraka, na za chini zinabaki zikitetemeka. Ule mkwaruzo wa kupinduka wenzako wamedhani ni makosa. Mimi husikia mtu anabeba mzigo mzito mlangoni, anaupitisha kona moja kwanza.

Sasa twende kwa mtu aliyeipenda viola kuliko watunzi wote: Paul Hindemith, Mjerumani, aliyezaliwa 1895. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga viola katika kundi la watu wanne lililoitwa Amar. Aliandika sonata nne, yaani tungo za sehemu kadhaa, za viola peke yake, mwaka 1919, 1922, 1923 na 1937, na ile ya 1922 aliipiga mwenyewe kwa mara ya kwanza huko Cologne. Ina sehemu tano. Sehemu ya nne ndiyo iliyo maarufu, kwa sababu juu yake ameandika maneno ambayo hutarajii mwalimu wa muziki amwambie mwanafunzi: mwendo wa kishindo, wa mwitu, na uzuri wa sauti ni jambo la pili. Kasi aliyoweka ni kati ya robo nota 600 na 640 kwa dakika. Gawa kwa sitini. Ni nota kumi na zaidi kila sekunde! Uzi mtupu wa C unapigwa tena na tena bila huruma, na juu yake sauti nyingine zinarushwa kama mawe. Haifiki dakika mbili. Mara ya kwanza kuisikia nilikumbuka wanawake wa Lamu wakipiga vugo harusini, zile pembe za nyati, pale mpigo unapokaza na hakuna anayefikiria tena kama sauti ni nzuri, kila mtu yuko ndani ya mpigo tu.

Lakini wapigaji vijana wanaitia sehemu hiyo peke yake kwenye simu zao, kwa ajili ya ile kasi, na hapo wanakosea. Baada yake kuna ya tano, na Hindemith ameiandika polepole, ipigwe kwa hisia nyingi. Sonata inaishia hapo, kwenye utulivu. Mtu amegomba, amepiga meza, kila kitu kimetulia, sasa ndiyo anasema lile lililokuwa likimuuma. Ukiikata ya nne ukaiacha ya tano, umesikia ugomvi hukusikia sababu.

Sasa mwanangu, nikufikishe pale ninapotaka uanzie.

György Ligeti alizaliwa mwaka 1923 Transylvania, nchini Romania, katika familia ya Kiyahudi yenye kusema Kihangaria. Baba yake na ndugu yake waliangamia katika kambi za Wanazi. Mwaka 1956 alitoroka Hangaria, akawa mmoja wa watunzi wakubwa wa karne yake. Mwaka 1990, akiwa mtu mzima wa miaka 67, alimsikia Tabea Zimmermann akipiga viola huko Cologne, na uzi wake wa C ukamkaa. Kuanzia 1991 hadi 1994 akaandika sonata ya viola peke yake, sehemu sita, na Zimmermann ndiye aliyeipiga yote kwa mara ya kwanza mwaka huo wa 1994.

Sehemu ya kwanza inaitwa Hora lungă, wimbo mrefu, kwa jina la nyimbo za watu wa Maramureș, kaskazini ya Romania, zinazoimbwa na mtu mmoja kwa sauti ya kuzunguka na kujipamba. Sehemu hiyo nzima inapigwa juu ya uzi wa C peke yake. Nyuzi nyingine tatu zipo, haziguswi. Mkono unapanda shingo ya viola na kushuka, unapanda tena juu zaidi, na mwishoni uzi unaguswa kwa wepesi mpaka sauti inakuwa ya filimbi, nyembamba, ya mbali.

Na sasa sikiliza hili wewe mwenye sikio la taarab. Nota nyingine humo si zile za kinanda. Ligeti amezishusha kidogo makusudi, akafuata sauti zinazojificha ndani ya sauti moja nzito, zile ambazo maumbile yenyewe yamezipanga. Ukiigawa nusu-toni, ile hatua ya kibonye kimoja hadi cha jirani kwenye kinanda, mafungu 100, kuna nota zimeshushwa mafungu 14, nyingine 31, nyingine 49. Hiyo ya 49 ni karibu robo ya sauti. Mzungu wa kawaida akiisikia hudhani mpigaji amepotoka. Wewe umelelewa na maqamu, zile njia za sauti za muziki wa Kiarabu, umemsikia mpiga fidla akiteleza kwenye Rast na Bayati, mahali ambapo kinanda hakina kibonye. Utaingia humo kama mtu anayeingia nyumba ya mjomba wake. Ligeti mwenyewe aliuona ukoo huo: alitaja nyimbo za Uhispania na za Rajasthan kuwa zafanana na Hora lungă. Pwani yetu hakuitaja. Naitaja mimi.

Mgeni wangu wa Shela ndiye aliyenipigia mara ya kwanza, nyumbani kwangu, baada ya isha. Tulikuwa chumba cha ndani, kile chenye zidaka, kuta za mawe na boriti juu. Akaniomba nizime feni, maana mvumo wake ulikuwa unagombana na uzi wa C. Tukatoa jasho. Alikuwapo jirani yangu, fundi wa majahazi, sasa ni marehemu, ambaye muziki kwake ulikuwa ni wa harusi tu. Alisikiliza kichwa kimeinama mpaka mwisho, kisha akasema, "Hii yanuka mkoko." Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia: mkoko uliokatwa leo, ukitolewa gome, kabla haujakauka.

Miaka kadhaa baadaye nikasoma maneno ya Ligeti mwenyewe kuhusu uzi wa C wa viola. Aliusifu kwa ukali wake na ukavu wake wa koo, akasema unaacha ladha ya mti, ya udongo na ya tanini. Tanini! Ndiyo ile ile iliyo ndani ya gome la mkoko, inayogeuza maji yawe mekundu, ambayo wazee waliitumia kutengenezea ngozi. Fundi wangu hakuwahi kusikia jina la Ligeti, na Ligeti sidhani aliwahi kuona boriti ikimenywa gome. Uzi uliwaambia wote wawili jambo moja. Nikiulizwa kama muziki huu ni wetu au si wetu, huwa nasimulia hilo tu.

Sehemu ya pili, Loop, inapigwa nyuzi mbili mbili tangu mwanzo hadi mwisho, na kila mara mmoja kati ya hizo mbili ni uzi mtupu. Vidole vinaruka pembeni ya uzi usioguswa, mwendo unazidi kukaza, na mpigaji anatakiwa aonekane hana haraka. Ya tatu inaitwa Facsar, neno la Kihangaria la kukamua, kama mtu anavyokamua nguo. Ligeti alieleza kwamba neno hilo pia ni ule uchungu unaopanda puani wakati machozi yako njiani, na aliiandika kumkumbuka mwalimu wake Sándor Veress. Sisi hatuna neno moja la kitu hicho, lakini kila aliyesimama mazikoni anakijua. Halafu inakuja sehemu ya mbio iliyozibwa sauti kwa kibano juu ya kidaraja, halafu Lamento, halafu ya mwisho. Dakika ishirini na kitu kwa jumla.

Rekodi ya kuanzia: Kim Kashkashian, Mmarekani wa asili ya Armenia, aliyeziweka pamoja kazi za viola za Ligeti na za mtunzi mwenzake, Kurtág. Albamu hiyo ilipata tuzo ya Grammy mwaka 2013. Sikiliza kwa vidude vya masikioni, maana spika ya simu haiuoni uzi wa C.

Baada ya hapo nenda kwa Stravinsky, Élégie ya mwaka 1944, aliyoiandika kumkumbuka Alphonse Onnou, mwanzilishi wa kundi la nyuzi la watu wanne, Pro Arte. Ni dakika chache tu, viola imezibwa sauti tangu mwanzo mpaka mwisho, sauti mbili zinatembea pamoja kama watu wawili wanaotoka makaburini bila kusemezana. Ukipenda nyimbo ndefu za uta mrefu, kuna suiti tatu za Max Reger za 1915; ya kwanza, ya G ndogo, ndiyo bora. Na kuna Capriccio ya Henri Vieuxtemps, Mbelgiji, aliyoiandika kumtukuza Paganini. Ungetarajia fataki. Ni kipande cha huzuni, cha C ndogo, ambamo ufundi wote umefichwa chini ya wimbo. Vieuxtemps alipigwa na maradhi ya kupooza, akashindwa kupiga tena, akamalizia umri wake Algeria, akafia huko mwaka 1881. Namfikiria sana mtu huyo, kwenye pwani ya Afrika, nyimbo zimejaa na mkono hautii.

Berio na Penderecki, watunzi wengine walioiandikia viola peke yake, waache kwanza. Ni wakubwa, lakini utawafikia.

Umeuliza usikilize wapi, hukuuliza upige nini, lakini wewe ni mpigaji na najua utaniandikia tena. Viola huna. Chukua fidla yako, chagua wimbo mmoja wa taarab unaoujua kwa moyo, uupige wote kwenye uzi wa G peke yake. Usiguse nyuzi nyingine hata mkono ukilazimika kupanda mpaka kwenye bega la chombo. Mara ya kwanza utakosa nota. Mara ya kumi utaona sauti ya juu kwenye uzi mnene si sawa na sauti hiyo hiyo kwenye uzi mwembamba: nota ni moja, lakini moja imefika kwa urahisi na nyingine imepanda kwa jasho. Ukishaisikia tofauti hiyo, warudie wenzako, uwapigie wao wimbo huo.

*Mwalimu, salaam. Binti yangu ana miaka 13. Shangazi yake amemletea viola kutoka ng'ambo na haachi kuishika. Nina hofu mbili: hewa yetu ya chumvi itaiharibu? Na watu wananiambia chombo hicho ni kizito, ni cha wanaume. — Mama wa Shela*

Salaam, dada yangu. Ya pili naimaliza haraka. Wapiga viola wa leo niliowasifu hapo juu, Zimmermann na Kashkashian, ni wanawake. Aliyekuwa wa kwanza kurekodi zile suiti za Bach kwa viola ni mwanamke, Lillian Fuchs wa Marekani, na mwaka 1950 alichapisha vipande 12 vya viola peke yake ambavyo mpaka leo wanafunzi wa dunia nzima hutoa jasho navyo. Waambie hao watu hivyo. Cha kutazama ni kipimo tu: binti akinyoosha mkono wa kushoto chini ya kichwa cha viola, vidole vyake vikunje na kukizunguka kile kichwa bila kujinyosha. Visipofika, viola ni kubwa kwake kwa sasa, na kuna ndogo zilizotengenezwa kwa umri wake. Asilazimishe. Bega likiumia katika umri huo halisahau.

Hofu ya kwanza ni ya kweli. Viola imegandishwa kwa gundi ya ngozi, inayoyeyuka kwa maji ya moto, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa: ubao ukitanuka kwa unyevu, gundi iachie kabla ubao haujapasuka. Ya kwangu iliachia ubavuni mwaka 2006, masika yale mvua zilipokazana. Nikaipeleka kwa fundi mmoja Mombasa, jina silitaji. Akaigandisha kwa gundi nyeupe ya makabati. Ilishika kweli. Msimu uliofuata ubao ulitaka kujinyosha, gundi ikakataa, na uso wa viola ukapasuka kutoka chini hadi karibu na tundu la sauti, ufa wa urefu wa kidole. Nililia kama mtu aliyefiwa. Ufa huo ulizibwa baadaye na mtu anayejua kazi, lakini nausikia kila nikipiga C kwa nguvu. Kwa hiyo, dada yangu, mwanya ukitokea ubavuni usiogope, na usikubali gundi yoyote ya dukani. Legeza nyuzi kidogo, fungia chombo kwenye sanduku, ungoje fundi wa fidla.

Siku za kawaida, viola ikae chumba cha ndani, mbali na dirisha la baharini na mbali na paa la mabati. Isisafiri kwenye boti ya Mokowe ikiwa juani. Iwekwe kivulini, sanduku limefunikwa kwa kanga kavu, maana matone ya chumvi yakifika kwenye nyuzi, ule waya uliozungushiwa huanza kuoza. Singa za uta zinarefuka na unyevu, kwa hiyo akimaliza alegeze uta kila mara, bila kusahau. Apanguse na vumbi jeupe la utomvu chini ya nyuzi kwa kitambaa cha pamba, maana kwa joto letu linageuka gamu.

Mwalimu wa viola Lamu hayupo. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, na Unguja kuna chuo cha muziki cha DCMA, kilichofunguliwa 2002, ambako fidla na nyuzi za taarab zinafundishwa. Likizo ikifika, mlete kwangu Langoni Jumamosi baada ya asri, uje naye. Sitozi kitu.

Na kama ameshajua kuweka kidole cha kwanza juu ya uzi wa A, msomee ile barua ya kijana wa Malindi hapo juu, aanze na nota tatu za Bach: G, D, B. Avute uta polepole. Azipige hizo tatu tu wiki nzima, na wewe ukiwa jikoni umsikilize kama ile G bado inalia baada ya kuiacha.